Mwanakiinimacho aliyekuja kufundisha udereva Nairobi

Ukikaa Lavington wiki mbili, kama nilivyokaa mimi kwa dada yangu likizo ya shule iliyopita, macho yatazoea magari madogo yenye herufi L yakijikokota kwenye barabara za ndani, mbali na msongamano wa James Gichuru. Mwalimu yuko upande wa kushoto, mguu tayari juu ya breki yake ya ziada. Mwanafunzi amekamata usukani utadhani ni kamba ya ndoo inayotaka kumponyoka kisimani. Mombasa tunayo magari hayo pia, ila Lavington yanaonekana zaidi kwa kuwa hakuna tuktuk wala mikokoteni ya kuyaficha.

Nairobi hii iliwahi kuwa na mwalimu wa udereva ambaye, miaka michache kabla ya kufungua shule yake, jina lake lilikuwa kwenye mabango ya kumbi za London. Aliitwa Jasper Maskelyne. Alikuwa mwanakiinimacho, mtoto wa mwanakiinimacho, mjukuu wa mwanakiinimacho. Alihamia Kenya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ni Kenya hii alikofia mwaka 1973, akiwa na miaka 70. Wengi wanaomtaja leo wanamtaja kwa mambo ambayo ama hakuyafanya, ama aliyafanya kidogo na akayasimulia makubwa. Ndiyo sababu nikaona habari yake inafaa kuandikwa, na haiandikiki bila kuanza na karata.

Mpwa wangu ana miaka 16 na amejifunza kwenye simu namna ya kuchanga karata. Jioni moja baada ya Isha alinikalisha mezani akaniomba nimtazame mikono, nisimtazame uso. Akaichanga jozi nzima mara nne, akanipa nikate, akagawa za watu wanne. Ree zote nne zikamwangukia yeye. Baba yake alitaka karata zile zitupwe usiku ule ule, na dada yangu akaniangalia mimi, mjomba wa mtoto, nitoe hukumu. Kamari ni haramu, na katika nyumba ya Muislamu hilo halina mjadala. Lakini kujua mwizi anavyoiba si wizi. Nikasema karata zibaki, shilingi isiwekwe mezani hata moja, na kijana anieleze amefanyaje.

Kumbe karata hazikuchanganyika. Zilitembea tu.

Anayechanga kwa mikono hushika jozi kwa mkono wa kulia, na kidole gumba cha kushoto huvuta vifungu vidogo vidogo kutoka juu na kuviacha viangukie kiganjani. Mtu mwema huvuta bila hesabu. Mwizi kuna mahali huvuta moja moja, na kila moja anaihesabu moyoni. Wachezaji wakiwa wanne, kati ya ree moja na nyingine panahitajika karata tatu za kupita. Basi huvuta tatu, akaweka ree, akavuta tatu tena, mpaka mpango ukamilike. Halafu huacha karata moja ijitokeze upande wa kifundo cha mkono, kiasi cha unene wa ukucha tu, na juu yake humwaga zilizobaki hovyo hovyo, hapo ndipo kila mtu anamtazama. Ile iliyojitokeza ni alama. Kidole kinaigusa, fungu lote la chini linanyanyuliwa na kurudi juu, na mpango uko pale pale ulipokuwa. Mlio wa karata umesikika, mikono imechangamka, mezani hakuna mwenye shaka.

Kukata nako kuna dawa yake. Karata moja hukunjwa kidogo sana, na mshirika anayekata huisikia kwa kidole akakata hapo hapo panapotakiwa. Asipokuwepo mshirika, mgawaji hukusanya mafungu mawili na kuyarudisha yalivyokuwa kabla hayajakatwa. Mpwa wangu alinifanyia hilo la pili nikiwa nimekodoa macho. Kuna pia wale wanaogawa jozi nusu kwa nusu juu ya meza, wakainua kona na kuziachia zilie na kuingiliana. Hapo mwizi huzuia ree kwa gumba na kuachia hesabu kamili ya karata juu yake. Hiyo ni kazi ya miaka, na kijana wetu bado hajaifikia, alhamdulillahi.

Ukitaka kujua ukubwa wa ujanja huu, fikiria kwamba karata 52 zinaweza kupangika kwa njia nyingi mno, idadi ambayo ukiiandika ina tarakimu 68. Jozi ikichangwa kwa haki, mpangilio unaotoka yamkini haujawahi kushikwa na mkono wa binadamu yeyote tangu karata zibuniwe. Mwaka 1992 wanahesabu wawili, Bayer na Diaconis, walionyesha kuwa kuchanga kwa nusu mbili kunahitaji kurudiwa kama mara saba ndipo jozi ichanganyike vizuri. Katika bahari yote hiyo mwizi anautaka mpangilio mmoja tu, na anaupata.

Sasa turudi kwa akina Maskelyne, maana mtu aliyeianika siri hii mbele ya umma wa Waingereza alikuwa babu yake Jasper.

John Nevil Maskelyne alizaliwa Cheltenham mwaka 1839 na kazi aliyojifunza ni ufundi saa. Mwaka 1865 walifika mjini kwao ndugu wawili wa Marekani, akina Davenport, waliokuwa wakifungwa kamba ndani ya kabati kisha vyombo vya muziki vikalia humo gizani, na watu wakaambiwa ni kazi ya roho za wafu. Fundi saa aliona walivyojifungua. Akatangaza kwamba ataigiza mambo yote yale bila roho yoyote, na akafanya hivyo pamoja na rafiki yake Cooke. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye saa. Mwaka 1873 walihamia ukumbi wa Egyptian Hall, Piccadilly, wakakaa hapo mpaka 1904. Mwaka 1875 alileta sanamu aliyeitwa Psycho, mdogo kama mtoto, amekaa juu ya mtungi wa kioo ili watazamaji waone hakuna mtu chini yake, naye akacheza karata za whist na watu kutoka ukumbini. Nguvu yake ilikuwa hewa iliyosukumwa kupitia kioo kile. Mzee huyu huyu anatajwa pia kuwa ndiye aliyebuni kufuli la vyoo vya umma lililofunguka kwa sarafu ya peni, kwa hiyo wanaolipa kuingia chooni stendi ya mabasi wajue wa kumkumbuka.

Mwaka 1894 akatoa kitabu, Sharps and Flats, yaani wajanja na mabwege. Humo alifungua kila kitu: alama ndogo zinazochorwa nyuma ya karata, vioo vinavyofichwa ndani ya kiko cha tumbaku ili mgawaji aone anachomgawia mwenzake, namna ya kuchanga kwa uongo, namna ya kugawa karata ya chini ukijifanya unagawa ya juu. Mantiki yake ilikuwa kwamba wezi wanazijua siri hizi tayari, na asiyezijua ni anayeibiwa peke yake.

Kisa ninachokipenda zaidi humo ni cha mtu aliyeitwa Kepplinger, wa San Francisco, mwaka 1888. Alikuwa akicheza na wezi wenzake wa karata, watu wasiodanganyika kirahisi, na bado alishinda usiku baada ya usiku. Walimchunguza mikono, hawakuona kitu. Alikaa kimya, mikono mezani, kama mtu aliye msikitini akingoja iqama. Mwisho wenzake walimrukia kwa ghafla wakamshika na kumpekua. Wakakuta ndani ya mkono wa shati lake mna mtambo: kibanio cha kushika karata, uzi uliopita kwenye mirija mwili mzima mpaka magotini. Akitanua magoti, kibanio kinatoka na kuchukua karata. Akiyafunga, kinarudi. Unadhani walimpeleka polisi? La hasha. Walimlazimisha awatengenezee na wao, kila mtu wake.

Huku kwetu tuna pata potea, na haihitaji mtambo. Karata tatu kwenye kipande cha boksi, moja nyekundu, mbili nyeusi. Mchezeshaji hushika mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na jicho lako linaamini kwamba inayoangushwa kwanza ni ya chini. Yeye huangusha ya juu. Basi. Mengine yote, yule jamaa aliyeshinda mbele yako, yule anayekunyooshea kidole karata yenye kona iliyokunjwa, ni washirika wake. Nimeona kijana aliyeshuka basi kutoka Kilifi akipoteza nauli yake yote Mombasa kabla hajanywa chai. Watu wakasema ni uchawi. Mzee Maskelyne angeudhika kusikia hivyo, na mimi niko upande wake.

Mwanawe, Nevil, alirithi ukumbi na ubishi. Mwaka 1903, wakati Marconi alipotaka kuonyesha London kwamba ujumbe wa simu yake ya upepo hauwezi kuingiliwa, Nevil aliuingilia kwa mtambo wake mwenyewe na kumrushia maneno ya kejeli, mbele ya wanasayansi waliokusanyika. Huyo ndiye baba yake Jasper.

Jasper alizaliwa mwaka 1902, mrefu, mtanashati, nywele zimelala kwa mafuta. Baba alifariki 1924 na familia ikaendelea na ukumbi wa St George's Hall mpaka 1933, ulipoangukia mikononi mwa BBC. Sinema ilikuwa imeshawavuta watu. Jasper akawa mtu wa safari na majukwaa ya kukodi. Ipo filamu fupi ya mwaka 1937 inayomwonyesha akimeza nyembe moja baada ya nyingine, kisha uzi, na baadaye kuzitoa kinywani zote zikiwa zimefungwa kwenye uzi ule, huku akitabasamu kama aliyemeza tende. Niliitazama mara tatu. Mpwa wangu aliitazama mara moja, akaniambia anadhani amejua.

Vita vilipoanza alijitolea, na mwaka 1940 akapelekwa Farnham kwenye mafunzo ya kuficha vifaa vya kijeshi macho ya adui yasivione. Kisha Misri. Kule Cairo kazi yake iliyo na ushahidi mzuri ni ile aliyofanya kwa ajili ya idara iliyosaidia askari kutoroka wakitekwa. Alifundisha kuficha misumeno midogo, dira na ramani mahali mpekuzi hatafuti. Ukilifikiria, ni ufundi wa familia yao ule ule: kitu kiko kiganjani, na kiganja kinaonekana kitupu. Naamini wapo watu waliorudi makwao kwa sababu ya masomo hayo, na lau Jasper angeishia hapo ingekuwa sifa tosha.

Lakini mwaka 1949 kilitoka kitabu kwa jina lake, Magic: Top Secret, kilichoandikwa na mkono wa mwandishi mwingine. Humo yeye na kikosi chake kidogo wanauhamisha mji wa bandari wa Alexandria usiku, wakiwasha taa bandia kwenye ghuba ya jirani ili ndege za Wajerumani zipige matope. Wanauficha Mfereji wa Suez wenyewe kwa taa kubwa zinazozunguka na kuwapofusha marubani. Na wanashiriki udanganyifu mkubwa kuliko wote, ule wa El Alamein.

Huu wa El Alamein ulikuwa wa kweli na uliitwa Operesheni Bertram. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza lilitaka kushambulia kutokea kaskazini na kumfanya adui aamini litatokea kusini. Wiki kadhaa kabla, malori ya bandia yalipangwa kaskazini mpaka marubani wa Kijerumani wakayazoea. Vifaru vikaonekana vikikusanyika nyuma. Kisha usiku vifaru vikasogea mbele na kuvikwa maturubai yenye umbo la lori, vikakaa pale pale malori yalipokuwa, na mahali pake kule nyuma vikawekwa vifaru vya bandia. Asubuhi rubani akipita anaona malori ni yale yale na vifaru ni vile vile. Upande wa kusini likajengwa bomba la maji la uongo, kilomita zaidi ya thelathini, kwa mwendo ambao ungemfanya adui ahesabu kwamba halitakamilika mpaka Novemba. Mashambulizi yakaanza usiku wa tarehe 23 Oktoba.

Hii ni kuchanga kwa uongo kwa kiwango cha jangwa zima. Mtazamaji anaonyeshwa kila hatua, hafichwi kitu, na karata iliyotakiwa juu imebaki juu.

Ila waliobuni mpango huo walikuwa Geoffrey Barkas, aliyekuwa mtengenezaji wa filamu, na mchoraji Tony Ayrton, pamoja na wasanii wengine waliokuwa chini yao. Maskelyne hakuwa kiungo chake. Mtafiti Richard Stokes alizifuatilia hadithi zile moja moja kwenye kumbukumbu na kuonyesha jinsi Alexandria iliyohama na Suez iliyopotea zisivyosimama. Mwaka 1983 kikatoka kitabu kingine, cha mwandishi wa Kimarekani, kikazipamba upya, na tangu hapo kila baada ya miaka michache gazeti au mtandao fulani huzirudia kana kwamba ni historia.

Hapo ndipo namwona Jasper akiwa mjukuu asiyefanana na babu. Mzee alitumia ufundi wake kuwaonyesha watu kwamba karata hazikuchanganywa. Mjukuu alichukua vita vya watu maelfu, akavichanga mbele ya macho yao, na kila mara karata iliyotoka juu ilikuwa yeye. Wapo watakaosema ni porojo za msanii, zinadhuru nini? Zinamdhuru Ayrton, aliyekufa mwaka 1943 kabla vita havijaisha na hakupata nafasi ya kusimulia. Na mimi wa pwani linanigusa kwa njia nyingine. Vita hivyo hivyo viliwachukua vijana wetu wa KAR mpaka Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na misitu ya Burma mwaka 1944. Wengi walirudi na koti la jeshi na kikohozi, hawakuwa na mtu wa kuwaandikia kitabu. Wajukuu wao leo wanajua habari za mchawi wa London aliyeuficha Mfereji wa Suez, na hawajui babu alipiganishwa mto gani.

Nairobi aliyohamia Maskelyne ilikuwa imegawanywa kwa rangi ya ngozi. Lavington ilikuwa ya Wazungu, imepakana na mashamba ya kahawa ya mapadri wa Kifaransa wa St Austin's (kahawa ambayo mapadri hao walianza kuipanda Kenya huku kwetu, Bura ya Taita, mwaka 1893, jambo ambalo wakazi wa Lavington hawalisemi wakinywa kikombe chao cha bei ya chakula cha mchana). Mzungu aliyechoka kwao aliweza kuja hapa akaanza upya bila kuulizwa sana. Jasper akaanza na magari. Aliyezoea kumbi zilizojaa sasa alikuwa na hadhira ya mtu mmoja, tena anayetazama barabara.

Wanaoandika habari zake hulisimulia hilo kwa huruma, kana kwamba shule ya udereva ni kaburi la msanii. Mimi silioni hivyo. Mikono ya mwalimu wa udereva haina pa kujificha. Akikosea gia gari linazima, na kila aliye nyuma anajua kwa honi. Mwanafunzi akipita mtihani, amepita. Sina shaka kwamba katika maisha yake yote hapakuwa na kazi aliyoifanya waziwazi zaidi ya ile, na ndiyo inayopewa mstari mmoja.

Kenya ikapata uhuru mwaka 1963 naye akabaki. Alipofariki muongo mmoja baadaye, jina lake halikuwa kubwa tena, si hapa wala Uingereza. Psycho, yule sanamu mcheza whist, amehifadhiwa katika jumba la makumbusho London. Kitabu cha Jasper cha 1949 bado kina wanaokiamini. Cha babu yake cha 1894 kinapatikana bure mtandaoni, na sura ya sita ndiyo inayoeleza kazi ya mikono, hatua kwa hatua.